TUIPIME DAMU YETU KAMA TUPIMAVYO KARAFUU



Hapana mkulima katika chama chetu akubaliye kuuza karafuu zake kwa kukisiwa kwa macho. Mzigo hupandishwa mizanini, mwenyewe akasimama kando akaangalia namba, na zikipungua kilo mbili ugomvi wake huwa mkubwa. Mchumaji naye hutaka pishi yake ihesabiwe mbele ya macho yake. Haya yote ni haki, nasi hatuyalaumu. Lakini twauliza: ni wangapi katika sisi wazijuao namba za damu yao wenyewe?

Neno hili limetukaa rohoni tangu msimu wa vuno uliopita. Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji kwa heshima yake na ya watu wa nyumbani kwake, aliamka asubuhi akenda shamba kama kawaida. Alikuwa amekaa chini ya mkarafuu, akihesabu pishi za wachumaji, mara kikombe kikamtoka mkononi na ulimi ukawa mzito. Kilikuwa kiharusi. Leo upande wake wa kulia hauna kazi. Karafuu zake nyingi ziliiva zikapita mitini kwa kukosa msimamizi, na mwanawe mkubwa ameacha skuli ili ashike shamba. Baadaye tulisikia kwamba miaka miwili nyuma daktari alikwisha mwambia kuwa ana presha, akampa vidonge, naye akavinywa mwezi mmoja, kisha akaviacha kwa kuwa alijiona mzima.

"Alijiona mzima." Hapo ndipo penye mtego. Homa hutetemesha, jino huuma, bali presha aghalabu haisemi neno. Mtu huweza kuwa nayo miaka kumi huku akicheka na kulima, na ndani yake mishipa, moyo, figo na macho vyaharibika kidogo kidogo. Wako wanaongoja kuumwa kichwa ndipo wapime. Hao wangoja hodi ya mgeni asiyebisha hodi.

Twakiri kwamba na sisi tulikuwa katika hao. Mafunzo tuliyapata mbali na kisiwa hiki, huko Ipinda katika wilaya ya Kyela, tulipokwenda kuwatembelea wakulima wa kakao ili tuone wanavyokausha na kuuza mazao yao. Gari ilitushusha kutoka baridi ya Tukuyu mpaka joto la bonde la Kyela, penye mpunga, migomba na michikichi. Na Ipinda ipo katika njia ya kwendea Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mkulima wa kakao na mpunga. Asubuhi, kabla ya chai, tulimwona ameketi kitini, mkono juu ya meza, amefungwa ukanda wa mashine ndogo ya betri. Mjukuu wake, msichana wa skuli, alikuwa tayari na daftari na kalamu. Mashine ilipolia, msichana akaandika: 134 juu ya 82.

Tukamwuliza, "Mzee, wewe ni mgonjwa?" Akajibu, "Siumwi. Napima ili nisiumwe." Akatufungulia daftari toka ukurasa wa kwanza. Mwanzoni palikuwa na 168 juu ya 102, na 172 juu ya 100. Na kwa muda wa miezi, kwa vidonge vya kila siku na chumvi iliyopunguzwa, namba zilishuka kama mtu ashukaye kilima polepole. Alisema kwamba kila arudipo kwa daktari huchukua daftari lile, na daktari huamua dawa kwa kulitazama.

Kisha akatwambia, "Nawe lete mkono." Tulicheka, maana tulidhani presha ni maradhi ya wazee, na sisi umri wetu bado ni wa thelathini na kitu. Mashine ikaonyesha 158 juu ya 98. Mzee akasema, "Hiyo usiishike. Umetoka kutembea, umekunywa kahawa, na unasema huku unapimwa. Kaa kwanza." Tukakaa kimya. Baadaye kidogo ikawa 146 juu ya 92. Ilikuwa imeshuka, lakini bado ilikuwa juu. Tuliporudi tulipima nyumbani muda wa wiki moja, na wastani wake ukawa 139 juu ya 88. Tukamwendea daktari.

Sasa tueleze maana ya namba hizo. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Ukanda wa kufunga mkononi si jambo jipya: ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, akafundisha kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni ili namba zote mbili zijulikane. Hospitalini, aghalabu huitwa presha ya juu ikifika 140 juu ya 90 mara kwa mara. Nyumbani, ambako mtu ametulia zaidi, mpaka wake ni 135 juu ya 85. Yatosha namba moja kati ya hizo mbili kupita mpaka.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya Wazungu au ya matajiri wa mjini. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijijini katika wilaya ya Hai. Kwa kipimo cha 140 juu ya 90, karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na presha, na kijiji hakikuwa nyuma ya mji. Katika wenye presha hao, hata mmoja kati ya watano hakutimia aliyejijua. Karibu mmoja kati ya kumi ndiye aliyesema anatumia dawa. Na ambaye presha yake ilikuwa imeshushwa ipasavyo hakufika mmoja kati ya mia. Huko Karonga nako, ng'ambo ya mto Songwe jirani na Kyela, watafiti walipima watu wa vijijini, na wengine wakapimwa mjini Lilongwe, kati ya mwaka 2013 na 2016. Jumla walizidi 28,000, na zaidi ya nusu ya wenye presha walikuwa hawajijui.

Na mwenye kudhani kwamba cheo huzuia, akumbuke Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Alikuwa na madaktari wake na hospitali za nchi yake yote, lakini tarehe 12 Aprili 1945 alianguka kwa damu kuvuja katika ubongo, na presha yake siku hiyo ilipimwa 300 juu ya 190. Waliijua, ila vidonge vya kuishusha vizuri havikuwapo. Vya kwanza vilivyofaa na kuenea vilitoka katika miaka ya 1950. Leo mkulima wa Ipinda anacho kidonge ambacho Rais wa Marekani hakukipata. Basi ni ajabu gani kukiacha kabatini!

Mwanachama atakayepima nyumbani na afuate taratibu hizi, maana kipimo kibaya ni kama mizani mbovu. Achague mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono, na ukanda uwe wa kadiri ya mkono wake; ukanda mdogo katika mkono mnene hutoa namba ya uongo. Nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala chai, asivute tumbaku, asifanye kazi nzito. Aende haja ndogo kwanza. Akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, na asiseme wala asisemeshwe. Apime mara mbili, dakika moja kati yake. Asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni tena. Afanye hivyo siku saba, aandike kila namba kama ilivyo bila kuchagua nzuri, aziache za siku ya kwanza, kisha azichukulie wastani zilizobaki.

Ikitokea 180 juu ya 120 au zaidi, atulie dakika chache apime tena. Ikibaki hapo, amtafute daktari siku ile ile. Lakini ikiwa pana maumivu ya kifua, pumzi kubana, uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kufifia, asipime mara ya pili wala asingoje kuche: apelekwe hospitali papo hapo. Na mama mjamzito akifika 140 juu ya 90 aende hospitali bila kukawia, kwani presha ya mimba huua mama na mtoto.

Katika kuishusha, kazi ya kwanza ni jikoni. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Na ihesabiwe chumvi yote: ya ng'onda na papa mkavu, ya achari, ya mchuzi wa vidonge vya dukani, na ile ya kunyunyiza juu ya mbatata kabla hata ya kuonja. Ng'onda aloweshwe, maji yamwagwe, kisha aloweshwe tena. Mboga, matunda na kunde viongezwe, ila mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza. Mwenye uzito uliozidi akipunguza kilo chache presha hushuka pamoja nazo. Kazi ya vuno ni ya msimu. Vuno likisha wengi wetu hukaa barazani, na hapo kutembea nusu saa kila siku kwafaa sana.

Jambo jingine ni vidonge vya maumivu. Wakati wa kuchuma, migongo huuma, na watu hununua diklofenaki na ibuprofeni kama pipi. Dawa hizo hupandisha presha na huudhi figo zikitumiwa siku nyingi. Mwenye presha asizinywe bila ya shauri.

Kuhusu dawa za presha zenyewe: hizo hushusha kwa muda zinywewapo, na zikiachwa presha hurudi. Namba ikiwa nzuri maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba haitakiwi tena. Ikimvimbisha mtu miguu au kumkohoza, arudi aseme abadilishiwe, asikate kimya kimya. Mwezi wa Ramadhani, amwendee daktari mapema wapange za kunywa futari na za kunywa daku. Na zile karafuu zetu za kuchemsha, pamoja na vitunguu thaumu na majani ya kila namna, ni kiungo na mila nzuri. Lakini sisi wenye kuuza karafuu tuwe wa kwanza kusema kweli kwamba hazisimami mahali pa kidonge.

Wako watakaotupinga. Mmoja atasema, chama hiki ni cha karafuu, si hospitali. Twamjibu: mkarafuu haujichumi wenyewe, na mkulima akianguka shamba huanguka naye. Mwingine atasema vipo vituo vya afya. Ni kweli, navyo ndivyo vitoavyo dawa. Lakini sisi wenyewe tumewahi kufika katika kituo kimoja tukakuta mashine haina betri, na siku ya pili foleni imefika mlangoni. Tena kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kupanda kilima na kugombea nafasi hakisemi kweli kama vipimo vya wiki nzima nyumbani. Wa tatu ataogopa siri za watu kutangazwa. Hofu hii ni ya haki, na kwa hiyo daftari liwe mali ya mwenyewe, akae nalo kwake, na tawi lisiandike jina wala namba ya mtu.

Kwa hiyo twapendekeza mbele ya Mkutano Mkuu ujao mambo mawili. Kwanza, kila tawi linunue mashine moja nzuri, ambayo bei yake haifiki bei ya gunia moja la karafuu kavu, nayo izunguke nyumba kwa nyumba, kila nyumba wiki moja. Na mara moja kwa mwaka ipelekwe hospitali ilinganishwe na ya huko. Pili, kila nyumba imteue kijana mmoja wa skuli awe mwandishi wa daftari, kama yule mjukuu wa Ipinda. Wazee wetu ambao macho yamefifia watapata msaada, na vijana watajifunza mapema.

Sisi katibu wenu tumekwisha anza. Daktari hakutupa dawa. Alitupunguzia chumvi, akatuamrisha kutembea, akasema turudi baada ya miezi mitatu na daftari. Wiki iliyopita wastani ulikuwa 129 juu ya 81. Hatusemi haya kwa kujisifu, maana tulikuwa karibu kupita njia ile ile ya mwenzetu bila ya kujua. Yeye kila tumtembeleapo hutuonyesha kwa mkono wa kushoto pale vidonge vyake vilipo, na mkewe humpa kila siku saa ile ile. Angelianza hivyo miaka miwili nyuma, huenda leo angekuwa shambani.

Basi, ndugu, kabla ya kuzitandika karafuu majamvini msimu ujao, na tupime.

Katibu wa Chama