Dmesg Si Lori la Kubeba Data

Wenzangu mnaoandika draiva za Linux kuanzia Makongeni hadi Ruiru, hii tabia ya kupitisha data kwa printk lazima ife. Eti moduli inasoma sensa ndani ya keneli, inamwaga kila hesabu kwenye logi, halafu skripti ya Python huku nje inachokora dmesg ikitafuta namba. Na mtu anaiita mfumo!

Logi ya keneli ni kama lile daftari la OB la askari wa geti. Ni la matukio: nini kimeingia, nini kimeharibika. Na kurasa zake ni chache. Kwa mpangilio wa kawaida bafa yake ni KB 128, na ikijaa inarudi mwanzo na kuandika juu ya ya zamani, kimya kimya. Sasa chukua mashine ya kuhesabu mikebe hapa Eneo la Viwanda, na kibarua analipwa kulingana na hiyo hesabu. Skripti ikikwama kidogo, huku draiva nyingine inalalamika mfululizo juu ya waya wa USB uliolegea, mikebe ya mama wa watu inafutika. Nani atamrudishia hizo pesa?

Najua mtasema, "Lakini inafanya kazi." Ndiyo, mezani kwako, mkebe mmoja kwa sekunde. Isitoshe, distro nyingi siku hizi zimemfungia mtumiaji wa kawaida dmesg, kwa hivyo unaendesha skripti kama root. Yaani kwa sababu ya namba moja umempa Python funguo za nyumba nzima. Jameni!

Geti lipo. Tengeneza faili ya kifaa kwenye /dev, uandike read yake, na data ivuke kwa copy_to_user. Hiyo hukagua anwani uliyopewa na programu, na ikishindwa inakwambia ni baiti ngapi hazikufika. Printk haina habari kama kuna mtu alisoma. Programu ikitaka kusoma na hakuna kitu, ilale hadi sensa iiamshe, badala ya kuzunguka bure ikichoma CPU. Weka pia jumla ya mikebe tangu mashine iwashwe kwenye /sys, thamani moja kwa faili moja. Kamera inayotoa picha nzito, hapo tumia mmap. Na kabla ya yote, angalia IIO, sehemu ya keneli iliyotengenezewa sensa. Pengine draiva yako ishaandikwa, unajichosha tu.

Nanyi wenye viwanda, kabla ya kulipa, mwambieni fundi azime programu inayosoma kwa dakika 10 mikebe ikiendelea kupita. Akiiwasha, hesabuni katoni kwa mkono, mlinganishe na namba yake.