KARO YETU NA UWANDA WA KITENGELA

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo katika ukumbi wa shule. Hoja ilikuwa hii: kwamba wanyama wa porini wakae ndani ya mbuga ya serikali, na ardhi ya watu iachwe kwa watu. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi, nami nilikuwa upande wa walioshindwa. Si nia yangu kuurudia mdahalo ule katika gazeti hili, maana aliyeshindwa hana budi kukubali. Lakini liko jambo moja ambalo halikusemwa na upande wowote siku ile, na naona yafaa wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu walifikiri. Jambo hilo ni karo.

Kila mtu aijua Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika nchi yetu. Walakini si kubwa. Ni kilomita za mraba 117 tu. Upande wa mji imezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto ndiko kwetu. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka kuja katika uwanda wa Kitengela na Kaputiei, ambako majani ni mafupi na mazuri, na adui huonekana kwa mbali. Kiangazi kikishika hurudi mbugani kufuata maji yasiyokauka. Kwa hiyo mbuga ile ni nusu tu ya makao yao. Nusu ya pili ni malisho ya baba zetu.

Zamani malisho hayo yalikuwa ya pamoja. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, na kila jamaa ikapewa sehemu yake na hati yake. Hati ni kitu chema, wala simlaumu mtu kwa kuitaka. Lakini mwenye hati aweza kuuza, na mji wa Nairobi ulikuwa ukikua, na viwanda vya Athi River vilihitaji watu, na watu walihitaji nyumba. Zikaja nyumba, yakaja machimbo ya mawe, ikaja seng'enge. Mwaka 1978 nyumbu wa uwanda huu walikuwa karibu 30,000. Mwaka 2011 hawakufika 5,000. Hawakuuawa wote kwa mishale wala kwa bunduki. Wengi walikosa njia na malisho.

Katika mdahalo wetu msemaji mmoja aliuliza, "Nani anayeuza ardhi hii?" Akajibu mwenyewe kwamba ni watu wenye tamaa. Hapo ndipo nilipotaka kusimama, lakini kengele ililia. Basi nitasema sasa, tena nitasema ya kwetu, wala sioni haya. Mwaka nilioitwa Kidato cha Kwanza, ukame ulikuwa umetuulia ng'ombe wengi. Barua ya shule ilitaka karo, sare, godoro na sanduku. Baba aliuza eka tano. Niliporudi likizo ya kwanza nilikuta seng'enge imekwisha kusimamishwa, na asubuhi moja nilipokuwa nikichunga niliwaona punda milia wamesimama mbele yake, hawajui wapite wapi. Ng'ombe wetu nao walisimama papo hapo. Nilijua vyema eka zile zimekwenda wapi, maana zilikuwa mwilini mwangu na katika daftari zangu.

Haya si ya kwetu peke yetu. Waulizeni wenzetu watokao ng'ambo ya mto, mtawapata wengi waliosomeshwa kwa eka. Ardhi huuzwa mwezi wa Januari, wakati dalali ajuapo kwamba mzee ana barua ya shule mfukoni.

Walikuwako watu walioliona jambo hili mapema. Mwaka 2000 ulianzishwa Kitengela mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyama. Mwenye ardhi alitia sahihi mkataba kwamba hatazungusha ua, hatachimba mawe, hatalima wala hatauza kwa muda wa mkataba, na wanyama atawaacha wapite. Ng'ombe wake waliendelea kulisha kama kawaida. Kwa hayo alilipwa dola 4 za Marekani kwa eka moja kila mwaka, yaani kama shilingi 300 za wakati ule. Mwenye eka 100 alipata shilingi 30,000. Na lililo zuri kuliko yote, fedha hizo zililipwa mara tatu kwa mwaka, wakati wa kufungua shule. Aliyeufikiri mpango ule alijua mahali jeraha lilipo.

Najua mtasema, shilingi 300 ni nini mbele ya bei ya kiwanja? Ni kweli, si kitu. Lakini bei ya kiwanja huja mara moja, na mtoto wa pili akiitwa shule hakuna tena cha kuuza isipokuwa kiwanja kingine. Kodi huja kila muhula, na ardhi ingali palepale, na ng'ombe wangali juu yake.

Mtasema pia kwamba simba hula ng'ombe. Nalo ni kweli, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini ni mtoto wa huku huku, Richard Turere, ambaye akiwa na umri wa miaka 11 hivi alitengeneza taa za kuwaka na kuzimika zizungukazo boma, simba wakaogopa kukaribia. Mwaka 2013 alikwenda Marekani kuueleza ulimwengu habari hiyo. Akili kama hiyo haikosekani katika madarasa yetu.

Na wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yawaruhusu wenye ardhi na jamii kuanzisha hifadhi zao wenyewe. Mlango u wazi. Lililobaki ni fedha. Hapo ndipo penye udhaifu wa mipango ya namna hii: hutegemea wafadhili wa mbali, na mfadhili akichoka, mwenye ardhi hurudi kwa dalali. Jambo litegemealo huruma ya mgeni halina mizizi.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Tangu mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya wana vyama vya kuhifadhi wanyama, na chetu hufanya safari moja kwa mwaka kwenda kutazama twiga. Safari ni njema. Lakini tukiwa wanafunzi 400, na kila mmoja akatoa shilingi 50 kwa muhula, tutapata shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa kiwango kile cha mwanzo hizo zingekodi eka 200. Leo kiwango hakina budi kupanda. Hata zikikodi eka 40 tu, ni mara nane ya zile zilizonisomesha mimi. Tuzipeleke kwa chama cha wenyeji kinachokodi na kutunza uwanda, kitupe hesabu yake kila mwaka, nayo isomwe Siku ya Wazazi. Na wazazi wetu wakaao mjini, ambao hupenda kuja Jumapili kupiga picha, waombwe nao watie mkono.

Mdogo wangu ataitwa shule ya sekondari mwakani. Madalali wamekwisha anza kupita nyumbani kumwamkia baba. Baba hajajibu. Sijui atajibu nini, wala sina ruhusa ya kumfundisha mzee wangu. Lakini ningependa, barua ile ikifika, awe na mahali pengine pa kutazama kabla ya kutazama ardhi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu