RANGI ZA HUNDI ZATAKA MACHO

Chamazi ya leo yajengwa kila siku. Apitaye Mbagala Rangi Tatu kwenda huko huyaona maduka ya saruji, mabati na mbao yamejipanga kando ya njia. Wenye maduka hayo hulipwa taslimu, hulipwa kwa simu, na mara nyingine kwa hundi. Juu ya hundi tuna neno leo.

Mathalani, mteja mgeni aja Jumamosi jioni, benki zimekwisha kufungwa. Achukua mifuko ya saruji, atoa hundi yenye rangi za kupendeza, ashika njia yake. Jumatatu benki yaikataa: imeghushiwa. Mteja hayuko, na saruji haiko. Kwa sheria, sahihi ya kughushi haina nguvu, na mwenye duka hana wa kumdai ila yule aliyekwisha toweka.

Rangi zile hazikutiwa kwa urembo, ni ulinzi. Mpiga chapa hutia wino wa rangi mbili au tatu katika chombo kimoja cha mtambo, akazitenga kwa vizuizi. Rola huzunguka huku zikisogea kushoto na kulia, nazo rangi huchanganyika mipakani, hata buluu ikawa kijani na kijani ikawa manjano, wala jicho lisione ilipokoma moja na kuanza nyingine. Mstari mwembamba uliopigwa hivyo ni mzima. Mashine ya kunakili haiwezi kufanya hivyo: huunda kila rangi kwa vitone vya wino wa aina nne, na mstari hukatikakatika. Tena uko wino unaochujuka ukiguswa na maji au dawa, ili anayefuta kiasi aandike kingine aache doa.

Walakini ulinzi wataka mlinzi. Zamani karatasi yenyewe ilisafiri mpaka benki ya aliyeiandika, ikatazamwa na macho mengi. Tangu 2015, Benki Kuu ilipoanzisha mtambo wa kubadilishana hundi kwa picha, karatasi hubaki benki ilipopokewa, na picha yake ndiyo iendayo. Vitone na doa dogo hupotea katika picha. Isitoshe, rangi za nyuma hapana budi ziwe hafifu, maandishi yapate kusomeka. Kwa hiyo waionao karatasi kabla fedha hazijalipwa ni wawili: mwenye duka, na karani wa benki yake.

Je, ni nani aliyemfundisha mwenye duka? Karani hupewa mafunzo kazini. Mwenye duka hupewa hundi tu. Sisi twaona si haki kumwachia mtu zamu ya ulinzi bila kumwonyesha adui. Mabenki yabandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa picha kubwa, hundi halali kando ya iliyonakiliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya duka moja.

Nao wenye maduka wakumbuke kwamba rangi huthibitisha karatasi, hazithibitishi fedha. Hundi halali kabisa yaweza kutoka katika akaunti tupu. Fedha ziingie kwanza, ndipo mali itoke. Mteja mwema atangoja; asiyetaka kungoja huenda anatuuzia mbuzi kwenye gunia.