Siku ya 366: Kosa la Saa na Kazi ya Kusahihisha

Sisi tunaofundisha mbinu za Hisabati chuoni tumekuwa tukiwahimiza wanachuo waanze somo kwa mifano rahisi. Ushauri huo ni mwema, wala hatuufuti. Lakini tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tunaona kwamba walio wengi huanza kwa mifano rahisi na humaliza kwa mifano rahisi. Na mtoto ambaye kwa bahati mbaya amekutana na mfano mgumu hulipwa kalamu nyekundu. Jambo hilo linatutia wasiwasi. Ili kulieleza tutaanzia mbali kidogo na shule ya msingi, yaani ndani ya saa ya chombo cha kielektroniki.

Katika kompyuta na vyombo vya jamii yake mna saa ndogo inayoendelea kuhesabu hata mwenyewe anapokizima chombo chake. Kwa kawaida saa hiyo huongozwa na kipande cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa kila sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa 2 mara 15, utabaki na 1. Saa za aina fulani hazijui Januari wala Desemba. Zinajua kuhesabu siku tu, moja baada ya nyingine, tangu siku iliyowekwa kuwa mwanzo. Kwa hiyo hapana budi pawepo mkalimani wa kuigeuza hesabu hiyo kuwa tarehe ambayo binadamu anaielewa. Mkalimani huyo ni programu fupi ambayo mafundi huiita draiva.

Mwaka 2006 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianza kuuza chombo cha kusikilizia muziki kilichoitwa Zune. Tarehe 31 Desemba 2008, vyombo vya toleo la kwanza, vile vya gigabaiti 30, viliganda. Vilipowashwa havikuendelea mbele. Wenye vyombo walishauriwa waache betri iishe kabisa, kisha wangoje mpaka baada ya saa sita mchana ya tarehe 1 Januari 2009 kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri, ndipo wavichaji upya. Ushauri huo haukuondoa kosa. Ulingoja siku mbaya ipite.

Kosa lenyewe lilikuwa katika draiva ya saa, na mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulifuata. Maagizo ya draiva yalikuwa hivi kwa maneno yetu. Anza na mwaka 1980. Ikiwa siku ulizo nazo zinazidi 365, utazame mwaka. Ukiwa mwaka mfupi, toa siku 365, kisha songa mwaka mmoja mbele. Ukiwa mwaka mrefu, angalia kwanza kama siku zinazidi 366. Zikizidi, toa 366 na usonge mwaka mmoja mbele. Rudia mpaka siku zisizidi 365.

Tunamwomba msomaji achukue karatasi na ajaribu kabla ya kuendelea. Tarehe 31 Desemba 2008 ilikuwa siku ya 10,593 tangu mwanzo wa 1980. Ukiondoa miaka 28 ya kwanza, ambayo saba kati yake ilikuwa mirefu, unaondoa siku 10,227. Zinabaki 366, na umefika mwaka 2008, nao ni mrefu. Je, 366 inazidi 365? Naam, basi endelea. Je, 366 inazidi 366? La. Basi usitoe kitu. Rudi mwanzo: je, 366 inazidi 365? Naam. Chombo kinazunguka hapo bila kukosea hatua hata moja ya maagizo kiliyopewa. Kwa siku zote tangu kianze kuuzwa maagizo hayo yalikuwa yametoa jibu sahihi, kwa sababu ule ndio uliokuwa mwisho wa kwanza wa mwaka mrefu katika maisha yake.

Sasa lipo sahihisho ambalo mtu mwenye haraka atalikimbilia. Atasema: badala ya "zikizidi 366", tuandike "zikifika 366 au kuzidi". Kweli, chombo hakitaganda tena. Lakini fuata hesabu: 366 toa 366 inabaki 0, na mwaka unakuwa 2009. Tumepata siku ya sifuri ya Januari 2009! Kelele zimenyamaza, kosa limehama. Sahihisho la haki ni kuyaambia maagizo kwamba, mwaka ukiwa mrefu na siku zikiwa 366 kamili, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka huo.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu tuliliona darasani, na tulipoliona hatukulitambua. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa dogo, fomu ya tathmini mapajani, mwanachuo akifundisha kusoma saa. Alikuwa ametengeneza saa nzuri ya boksi, mishale yake ikizunguka kwa msumari. Kanuni aliyoiandika ubaoni ilikuwa fupi: tazama mshale mfupi, toa sita. Mshale ukiwa kwenye 7, ni saa moja. Kwenye 9, saa tatu. Kwenye 11, saa tano. Watoto waliitikia kwa pamoja, nasi tukaandika alama za juu kwenye sehemu ya zana.

Katika zoezi mlikuwa na picha ya saa yenye mshale kwenye 6. Watoto karibu wote waliandika saa kumi na mbili. Mmoja akaandika saa 0. Mwanachuo akamtia mkasi na kuandika kando: "Soma kwa makini." Tulikuwa barabarani tukirudi chuoni tulipong'amua kwamba mtoto yule ndiye peke yake aliyeifuata kanuni ya mwalimu. Wenzake waliiacha, wakajibu kwa yale waliyoyajua nyumbani, maana mtoto wa Kiswahili anaijua saa kumi na mbili ya magharibi kabla hajajua namba. Kanuni ilikuwa ya kweli kuanzia 7 mpaka 12 tu. Kuanzia 1 mpaka 6 inapasa kuongeza sita.

Kesho yake tulimwomba mwanachuo amwite mtoto na amwulize alivyofanya. Mtoto akainua vidole sita, akavikunja vyote. Mwanachuo alikaa kimya kitambo. Kisha, kwa haraka ile ile tuliyoieleza juu, akasema: "Basi kariri, sita ni kumi na mbili." Tukamwuliza: na mshale ukiwa kwenye 4, atakariri nini?

Wapo wakufunzi wenzetu wasemao kwamba mifano ya mpakani huwachanganya watoto wadogo. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa siku ya kwanza ya somo. Baada ya hapo hatuikubali, kwa kuwa mtoto ataufikia mpaka tu, mwalimu akipenda asipende. Darasa la tano hufundishwa kwamba mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu. Lakini 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa mrefu, na 2100 hautakuwa, kwa sababu mwaka wa karne sharti ugawanyike kwa 400. Baadhi ya watoto walio madarasani leo watauona mwaka 2100.

Basi tunapendekeza mambo mawili. Andalio la somo liwe na mstari mmoja unaotaja mahali ambapo kanuni ya siku hiyo inaishia, na mwalimu aijaribu mwenyewe hapo usiku uliotangulia: kwenye 0, kwenye namba mbili zilizo sawa, kwenye siku ya mwisho. Na kabla ya kutia mkasi, mwanachuo aifuate njia ya mtoto hatua kwa hatua mpaka aone inapoachana na ukweli, na atazame ni nani aliyeichora njia hiyo.

Fomu yetu ya tathmini ina nafasi ya sauti, ya ubao, ya zana na ya unadhifu. Nafasi ya jambo hili haimo. Kwa sasa tunaliandika pembeni kwa penseli.