Herufi za Barabarani ni Haki ya Msafiri wa Idsowe

Abiria wa Idsowe, kijiji kilicho karibu na Garsen, penye daraja la Mto Tana, hana stesheni ya kumpokea. Basi la Lamu likitoka Malindi hupita Mambrui, Gongoni na Marereni, likafika Minjila penye njia panda ya Garissa na Lamu, kisha likashika njia ya Garsen na daraja la Mto Tana, na kuendelea Gamba, Witu, hadi gatini Mokowe. Katika safari hiyo yote mtu wa Idsowe hutegemea vitu vitatu: macho yake, ukarimu wa makanga, na maandishi. Macho husinzia. Makanga ana mizigo, nauli na chenji za watu hamsini. Maandishi hayachoki wala hayasahau, na kwa sababu hiyo naomba leo tuyazungumze kwa uzito, ndugu zangu wa Tana Delta na wote mnaosafirisha watu katika njia hii.

Shauri langu ni hili. Maandishi ya barabarani na ya magari ya abiria ni huduma ya umma. Mtu wa Idsowe anayadai kwa haki, hayaombi kwa hisani. Najua wapo watakaosema kwamba watu waliokwisha kuonja mafuriko na ukame kwa zamu wana mambo makubwa zaidi ya kulilia kuliko umbo la herufi. Nawajibu kwamba mtu maskini ndiye anayeumizwa zaidi na kibao kibaya. Mwenye gari lake na simu yenye ramani atapotea kidogo na kurudi. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mchele, akishushwa mahali pasipo pake jua likizama, hana pa kurudi wala nauli ya pili.

Tazama kioo cha mbele cha basi katika stendi yoyote ya Pwani. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za kung'aa, limeandikwa jina la gari, au neno la kumtaja Mwenyezi Mungu, au timu ya mpira ya Uingereza. Herufi zina vikia, zina vivuli, nyingine zimepindwa mfano wa moto. Sina neno baya kwa wachoraji wetu, maana ni mafundi. Rais Uhuru Kenyatta alipotaka michoro ya matatu iachwe ipumue mwaka 2014, wengi walifurahi, nami ni mmoja wao. Lakini jina la mahali basi linakokwenda liko wapi? Mara nyingi liko chini, kwenye kipande cha kadibodi kilichoegemezwa kiooni, kwa wino uliokwisha kupauka. Sifa za gari zimepewa mita nzima ya kioo, na haja ya abiria imepewa kiganja kimoja.

Sasa soma majina yenyewe. GARSEN na GARISSA, yakiandikwa kwa herufi kubwa zilizobanana, yanaanza sawa, na kwa jicho la mzee aliye hatua thelathini mbali yanafanana kabisa. Ongeza na GAMBA. Upande wa herufi M ndiko kuna balaa zaidi, kwa kuwa njia hii ina Malindi, Mambrui, Marereni, Minjila, Mpeketoni na Mokowe. Abiria wa Idsowe aliyeingia basi la Garissa kwa kudhani limeandikwa Garsen atasafiri kwa amani mpaka Minjila. Hapo basi litashika njia ya Hola, naye ataachwa njia panda atafute pikipiki. Makanga atamlaumu kwa kutosoma. Mimi namlaumu aliyeandika.

Sheria haikukaa kimya katika jambo hili. Kanuni ambazo wananchi walizipa jina la waziri John Michuki, zilizotolewa 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, ziliyataka magari ya abiria yawe na utepe wa manjano ubavuni na njia ya gari ionyeshwe. Utepe tunao mpaka leo. Askari akisimamisha gari hutazama kama upo. Nani anatazama kama njia iliyoandikwa inasomeka?

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa jambo hili lina vipimo vyake. Mwendo wa mwisho wa gari la abiria nchini Kenya ni kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo basi hukata mita 22 kila sekunde. Wataalamu wa barabara wa Marekani hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kutoka mita tisa hivi. Kwa kipimo hicho, kibao cha kijiji chenye herufi za sentimita 10 huanza kusomeka kikiwa mita 36 mbele, yaani abiria anapata sekunde moja na nusu kabla hakijampita. Afumbue macho, asome, ahakikishe, apaze sauti? Haiwezekani. Herufi za sentimita 20 humpa sekunde tatu na zaidi kidogo, na hizo zinamtosha mtu kusema "Shukisha!" na kusikika. Tofauti kati ya kushuka kwako na kupitishwa ni sentimita kumi za rangi.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani, wakaliwekea watu na fedha. Katika reli za chini ya ardhi za London, jina la kituo lilikuwa likipotea katikati ya matangazo ya sabuni na chai, mpaka Frank Pick, msimamizi mmoja wa reli hizo, alipomwendea mwandishi wa hati Edward Johnston amtengenezee herufi moja kwa ajili ya reli hizo. Mwaka 1916 zikapatikana herufi zisizo na vikia, nyoofu na wazi, na hadi leo London husomwa kwa herufi zilizotokana na hizo. Halafu magari yalipozidi barabarani, Uingereza iliwapa wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert kazi ya kuandika upya vibao vyake vyote, na vibao hivyo vipya vikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1965, Kenya ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu uhuru. Wawili hao walikataa kuandika majina kwa herufi kubwa tupu. Walishikilia kwamba neno lililoandikwa kwa herufi ndogo, baada ya ile ya kwanza, huwa na sura yake, na jicho huitambua sura hiyo kabla ya kusoma herufi moja moja.

Lijaribu neno hilo kwetu uone. Andika Mpeketoni: p inashuka chini ya mstari, k na t zinachomoza juu. Andika Minjila: j inaning'inia katikati, l imesimama. Andika Idsowe: d imesimama bega kwa bega na I, kisha neno linalala. Kila jina lina sura yake, kama watu wa nyumba moja wasiofanana. Yaandike yote kwa herufi kubwa, yanakuwa masanduku matatu ya kimo kimoja. Kwa hiyo namwomba mchoraji wa Malindi na wa Garsen: herufi ya kwanza iwe kubwa, zinazofuata ziwe ndogo, zisibanane, ziwe nyeusi juu ya nyeupe au juu ya manjano. Nyekundu uiache, maana jua letu huipausha upesi kuliko nyeusi. Vivuli na miali ya moto vipeleke ubavuni mwa gari, ambako hakuna anayevitafuta kwa haraka.

Yupo pia asiyesoma kabisa, na Tana River ni kaunti iliyocheleweshwa sana katika elimu, basi tusimsahau tunaposifu herufi. Mji wa Mexico ulipofungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1969, mchoraji Lance Wyman na wenzake waliipa kila stesheni picha yake, ili asiyejua kusoma naye aweze kusafiri. Stesheni ya Chapultepec, ambayo jina lake katika lugha ya wenyeji wa kale lina maana ya kilima cha panzi, ilipewa picha ya panzi. Bibi asiyejua herufi moja aliweza kumwambia mjukuu wake: tutashuka penye panzi.

Njia yetu imejaa picha zinazosubiri kuchorwa. Karibu na Idsowe, kabla ya Gamba, tuna mahali paitwapo Lango la Simba. Hapo pana haja gani ya kufikiri? Idsowe yenyewe ipewe daraja, Minjila njia panda, Mokowe mashua. Picha hizo zichorwe kwenye kibao cha barabarani na zirudiwe kwenye kioo cha basi na kwenye tiketi, picha ileile, bila kubadilishwa na kila mwenye gari kwa fahari yake. Dar es Salaam wanaonyesha nusu ya njia: daladala zake hupakwa utepe wa rangi kufuata njia, na mwanzo na mwisho wa safari huandikwa mbele, hivi kwamba asiyesoma hufuata rangi. Sisi tunaweza kuwa na rangi na picha pamoja.

Na lugha? Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika Garsen na vijiji vyake wanaishi Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na wengineo, nao wakikutana sokoni husemezana Kiswahili. Onyo la hatari lililoandikwa kwa Kiingereza peke yake huwaacha nje watu walewale linaotaka kuwaokoa. "Punguza mwendo" kwanza, Kiingereza kifuate chini yake.

Majina ya vijiji ni jambo jingine, na hapa nasema kwa tahadhari. Mwaka 2012 na 2013 nchi hii ya delta ilimwaga damu, watu zaidi ya mia moja wakafa, na chini ya ugomvi ule kulikuwa na ardhi na maji. Jina kwenye kibao linaweza kuonekana kama hati ya kumiliki. Kwa hiyo mhandisi asije na kibao kilichokwisha kuandikwa ofisini mbali, tahajia imekisiwa na mtu asiyewahi kusikia jina likitamkwa. Akae kwanza na wazee wa pande zote, jina likubaliwe, mwalimu wa shule aliandike, ndipo rangi ifunguliwe. Jina la Kipokomo liandikwe kama Wapokomo waliandikavyo, la Kiorma vivyo hivyo. Kifungu hichohicho cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, na njia nyepesi ya kuanza ni kutoyaharibu majina yao hadharani.

Nimeacha mwisho jambo linalonikera kuliko yote. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipojaza Tana, maji yalifunika barabara ya Lamu hapo Lango la Simba, na wasafiri wakahamia kwenye mashua. Maji yakiwa juu ya lami, dereva haoni barabara inapoishia na shimo linapoanzia. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya liliingia kwenye daraja lililofurika na watu zaidi ya thelathini wakaangamia. Kigingi kirefu chenye milia myeupe na myeusi, kilichoandikwa kina cha maji kwa tarakimu kubwa, kikiwa kimepandwa pande zote mbili za barabara, hakigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya basi moja. Humwambia dereva palipo na lami, na humpa abiria neno la kumzuia dereva mkaidi: tazama, maji yamefika mita moja, hatuendi. Hakuna maandishi yenye kazi kubwa zaidi katika barabara hii yote.

Vijana wetu nao nawasihi. Kibao kikipandwa, kisigeuzwe chuma chakavu. Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa mali ya umma, ikairuhusu tena miezi michache baadaye, na hakuna marufuku inayoweza kulinda kibao kuliko mwenye kijiji. Ukikiona kimelala majini, kiinue. Ukimwona mtu anakifungua nati usiku, mwite chifu.

Mamlaka ya Barabara Kuu ina jukumu la vibao, serikali ya Kaunti ya Tana River ina stendi zake, na vyama vya wenye mabasi na matatu vina vioo vya magari yao. Kila mmoja asimngoje mwenzake. Mwenye basi anaweza kuanza kesho asubuhi kwa kopo moja la rangi nyeusi: Malindi, Garsen, Idsowe, Lamu, kwa herufi za kiasi cha mkono wa mtu mzima. Kaunti iwaite wazee mwezi huu kuhusu majina na picha. Na vigingi vya kina cha maji vya Lango la Simba havingoji kikao cha mtu yeyote. Masika huanza Machi, navyo viwe vimekwisha kusimama kabla ya hapo.