Miaka 70 ya Mwindo: Heshima kwa Wachezaji wa Kisa

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 70 tangu Shekarisi Candi Rureke, Munyanga wa kijiji cha Bese, asimame mbele ya watu na kucheza kisa chote cha Mwindo, shujaa wa Wanyanga, kwa siku 12. Sisi wa Mpofi, na wa njia yote ya Masisi hadi Walikale, tuna kila haki ya kuiita jubilei yetu.

Mwaka ule wa 1956 Rureke hakuhitaji pazia wala taa. Vijana waligonga mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti, huku wakiitikia nyimbo. Yeye, kayamba ya kibuyu mkononi, aliimba, akasimulia na kucheza ngoma. Sasa ni Shemwindo, mwami asiyetaka mtoto wa kiume. Mara ni Mwindo, aliyezaliwa akitembea. Mara ni shangazi Iyangura. Katikati ya kisa alijisifu na kuwakumbusha watazamaji watoe zawadi. Tuzo yake ilikuwa hiyo, naye aliidai papo hapo.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee aitwaye Kanyangara. Kwa kawaida mchezaji hutoa sehemu moja au mbili tu, kisha watu hurudi makwao. Rureke aliombwa atoe kisa chote mfululizo, akakubali. Waandishi walikaa kando wakifuata kila neno, na mwaka 1969 mtafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, wakakichapisha kisa hicho kwa Kinyanga na Kiingereza. Hivyo Mwindo akasomwa ng'ambo, wakati watoto wengi wa kwetu hawajawahi kumwona akichezwa.

Mwaka huu pia ni miaka 40 tangu kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, lililopendwa redioni na kwenye televisheni, litunge mchezo wake maarufu juu ya utawala. Mwaka 1986, enzi ya chama kimoja, waigizaji hao waliujenga kwa Kiswahili cha mjini kwao bila maandishi: walijadiliana, wakajaribu, wakarekebishana. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliifuatilia kazi hiyo na kuitolea kitabu mwaka 1990.

Kundi la Lubumbashi na mzee wa Bese walitenganishwa na miaka 30 na lugha mbili, lakini kazi yao ni moja: kumwonyesha mtawala sura yake mbele ya anaowatawala. Hata Mwindo, pamoja na ushujaa wake, huchukuliwa juu mbinguni akaadibishwe aache majivuno, ndipo arudi kutawala na kuwapa watu wake sheria njema. Sanaa inayofundisha hayo haina jengo wala bajeti, na bado imedumu kuliko vyama vingi vya siasa.

Vita vimewatawanya wazee wetu. Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Shule, parokia na redio za Masisi na Walikale, mtafuteni mzee anayejua bado hata sehemu moja ya Mwindo. Mkalisheni mbele ya watoto, mrekodini kwa simu, na kabla hajaondoka mpeni zawadi yake. Anastahili.