Hasara ya mchezo ni nafuu kuliko ya ghala

Mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha shindano la wanafunzi wa vyuo: mshiriki alipewa mtaji wa kubuni, akanunua na kuuza hisa kwa bei za soko. Aliyekosea hakupoteza hata senti.

Shule za Lumemo zingefaa kuuiga mchezo huo kwa mpunga. Mwanafunzi wa biashara apewe magunia ya kubuni wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Auze leo alipe deni, au angoje hadi Februari, akihesabu kodi ya ghala, panya na riba? Bei ifuatwe kila wiki sokoni Ifakara.

Wazazi wengi walijifunza somo hilo kwa magunia ya kweli. Watoto wao wasilipe ada hiyo tena.